Pambano la Ndege katika Filamu Fupi

Katika mambo ambayo senema imeyapenda tangu utoto wake, vita vya ndege ni jambo ambalo haijachoka nalo hata leo. Sababu yake si ngumu kuiona. Senema ni sanaa ya mwendo, na katika karne ya 20 hapana mwendo uliowashangaza watu kuliko mwendo wa eropleni. Mwaka 1927 William Wellman, ambaye mwenyewe alikuwa rubani katika Vita Kuu ya kwanza, aliongoza filamu ya Wings, nayo ikapewa tuzo kubwa katika sherehe ya kwanza ya Academy ya Marekani. Mwaka 1930 Howard Hughes akatoa Hell's Angels. Tangu hapo kila kizazi kimepata filamu zake za ndege, na kila kizazi cha wasomi kimeziacha zipite, kwa kudhani kwamba ni burudani ya vijana isiyostahili uhakiki. Kwa maoni yangu dhana hiyo ina haraka. Pambano la ndege ni habari ya vita, na habari ya vita ni moja ya mizizi ya fasihi yetu. Na anayeisimulia kwa picha hakwepi maswali yanayomkabili anayeisimulia kwa ubeti.

Swali nitakaloshughulika nalo hapa ni dogo, lakini lina uzito. Mtu akitaka kutengeneza filamu fupi juu ya pambano la jeti lililotokea kweli, ana deni gani kwa yaliyotokea? Nauliza juu ya filamu fupi kwa makusudi, kwa kuwa filamu ndefu hupata nafasi ya mapenzi, ya nyumbani, ya kilabu cha maofisa, na makosa yake ya angani husamehewa kwa wema wake wa ardhini. Filamu fupi haina mahali pa kujificha. Na nauliza sasa kwa sababu kazi iliyohitaji zamani fedha za tajiri au idhini ya jeshi, leo yaweza kufanywa na mwanafunzi mmoja chumbani mwake.

Mfano nitakaoutumia ni pambano la tarehe 18 Novemba 1952. Vita vya Korea vilikuwa katika mwaka wake wa tatu. Manowari za Marekani za kubeba ndege zilikuwa katika Bahari ya Japani, na ndege zake zilikuwa zikiushambulia mji wa Hoeryong, kaskazini kabisa ya Korea, mahali ambapo mpaka wa China u karibu na mpaka wa Urusi hauko mbali. Kutoka manowari Oriskany ziliruka jeti nne za namna ya F9F-5 Panther kuwa walinzi. Hali ya hewa ilikuwa mbaya: theluji ikianguka, na mawingu yaliyoanza karibu na uso wa bahari yakapanda hata kadiri ya futi 12,000. Jeti zilipotokeza juu ya mawingu marubani waliona michirizi saba mieupe, juu sana kuliko wao. Zilikuwa MiG-15 saba za Urusi ya Kisovieti, kutoka upande wa Vladivostok. Kiongozi wa kundi alikuwa amekwisha kupata hitilafu katika pampu ya mafuta, akarudi chini na mwandani wake. Wakabaki wawili, na mmoja wao alikuwa Luteni Royce Williams. MiG ziliposhuka kuwashambulia, Williams aliipiga moja. Mwenziwe akaifuata ilipokuwa ikienda chini na moshi, na kwa tendo hilo Williams akabaki peke yake katikati ya sita.

MiG-15 ilikuwa na mbio kuliko Panther, na ilipanda upesi zaidi. Ilichukua mzinga mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23. Kwa maelezo ya Williams, pambano lilidumu dakika 35, naye akaangusha ndege nne. Mwishowe kombora la milimita 37 lilipiga ndege yake, likaharibu usukani na sehemu kubwa ya mitambo ya kuiongoza. Akajitumbukiza mawinguni, na MiG moja nyuma yake ikiendelea kupiga. Alitokea chini ya mawingu akiwa karibu mno na maji asiweze kujirusha nje, na manowari za kwao wenyewe zikampiga kwa kumdhania adui. Ndege ilikuwa haishikiki katika mwendo ulio chini ya kilomita 315 kwa saa, hali mwendo wa kawaida wa kutua ulikuwa kama kilomita 195. Nahodha wa Oriskany aliigeuza manowari ili ilingane na njia ya ndege, kwa kuwa ndege haikuweza kulingana na manowari, na Williams akatua. Katika ndege yake yalihesabiwa matundu 263.

Kisha akaamriwa anyamaze. Urusi ya Kisovieti haikuwa katika vita ile kwa jina, na Marekani haikutaka iwemo. Tena kulikuwa na haja ya kuficha kwamba redio za Warusi zilikuwa zikisikilizwa, kazi ya shirika la National Security Agency lililoundwa tarehe 4 Novemba 1952, yaani wiki mbili tu kabla ya siku hiyo. Mwaka 1953 Williams alipewa nishani ya Silver Star ambayo maelezo yake yalitaja sehemu tu ya aliyoyatenda. Kwa miaka 50 hakusema, hata kwa mkewe. Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 97, nishani yake ilipandishwa daraja ikawa Navy Cross.

Msomaji ataona mara moja kwa nini habari hii huwavuta watengenezaji wa filamu. Ina mtu mmoja dhidi ya wengi, ina siri, ina haki iliyochelewa. Mimi huvutwa na jambo jingine, nalo ni hesabu. Panther ilichukua bunduki nne za milimita 20 na jumla ya risasi 760, basi kila bunduki ilikuwa na risasi 190. Bunduki za namna ile hutoa kadiri ya risasi 700 kwa dakika. Gawanya, nawe utapata kama sekunde 16. Dakika 35 ni sekunde 2,100. Hata tukikubali kwamba risasi zote zilikwisha, kidole cha rubani kilikuwa juu ya kifyatulio kwa sekunde 16, na kwa sekunde 2,084 zilizosalia mtu huyu alikuwa akifanya kazi nyingine. Kazi gani? Alikuwa akitazama. Alikuwa akigeuza shingo kushoto na kulia, akitafuta nukta nyeusi katika mwanga, akihesabu zilizo mbele na kuzikisia zilizo nyuma, akiikunja ndege ili nyingine impite, akivuta pumzi chini ya uzito wa mzunguko, akitazama tena. Pambano la ndege, kwa aliye ndani yake, ni kazi ya macho ambayo mara chache mno hukatizwa na bunduki.

Sasa tazama filamu yoyote ya pambano uliyo nayo karibu, uhesabu. Utakuta kinyume chake. Risasi hazikomi, ndege hupasuka moja baada ya nyingine, na kutazama hupewa nusu ya sekunde: sura ya rubani, macho yanakodoka, basi. Watu wakilalamika juu ya filamu hizi aghalabu hulalamika kwamba rangi ya bawa si ile, au kwamba ndege fulani haikuwako mwaka ule. Hayo ni makosa ya fundi. Kosa la msanii ni kugeuza uwiano, akampa mtazamaji sekunde 2,084 za moto na 16 za kutafuta. Anayefanya hivyo anaweza kuwa sahihi katika kila msumari wa ndege na bado akawa hakulisimulia pambano hata kidogo.

Hapa filamu fupi ina bahati ambayo sijaona ikitajwa. Academy ya Marekani huiita filamu fupi ile isiyozidi dakika 40, majina ya watendaji yakiwa ndani yake. Mapambano mengi ya jeti hukwisha kwa dakika chache, mengine kwa chini ya dakika moja, na mtengenezaji hulazimika kuyavuta kama mpira. Pambano la dakika 35 karibu lilingane na chombo chenyewe. Angeweza mtu kutengeneza filamu ambayo saa ya mtazamaji na saa ya rubani huenda pamoja, pasipo kukata wala kuruka. Sisemi kwamba ni lazima; kwa hakika haiwezekani kwa ukamilifu, kwa maana kutua kwenyewe kwadai dakika zake na siri yadai zake. Lakini atakayekata na ajue anakata nini. Akikata kutazama akabakiza kupiga, amekata nyama akabakiza mifupa.

Tuje kwenye swali la jicho. Howard Hughes, alipokuwa akipiga picha za Hell's Angels, aliziweka ndege zake chini kwa muda mrefu kwa sababu anga lilikuwa safi. Watu walimcheka, lakini alikuwa ameona jambo la kweli: katika anga tupu ndege haionekani kwenda, yaonekana kuning'inia. Mwendo hauonekani mpaka uwe na kitu cha kupita kando yake, na kitu hicho angani ni wingu. Wellman aliliona jambo hilo hilo kabla yake. Basi mawingu yaliingia katika senema ya ndege kama pambo lenye kazi, na kamera ikawekwa nje, mbali kidogo, ili ndege mbili na wingu vikae katika picha moja. Desturi hiyo imekuwa sheria. Leo hatuulizi tena nani aliyekuwa pale nje akitazama.

Siku ile ya 1952 mawingu hayakuwa pambo. Yalikuwa ukuta. Walio juu yake hawakuweza kuonwa na walio chini, na walio chini, yaani maelfu ya mabaharia wa kundi lile la manowari, waliona uvungu wa mawingu na theluji tu. Hapakuwa na jicho la tatu. Kila kamera itakayowekwa nje ya ndege ya Williams, ikaonyesha MiG ikishuka nyuma yake kwa uzuri, itakuwa shahidi ambaye hakuwapo. Na shahidi huyo hubadili maana. Mimi mtazamaji nikiiona MiG kabla ya rubani, ninamhurumia. Nikiwa sijui iliko, kama yeye asivyojua, ninaogopa. Huruma na hofu si kitu kimoja, na katika jambo hili hofu ndiyo ya kweli. Mtengenezaji aliye hodari ataifungia kamera ndani ya chumba cha rubani kwa sehemu kubwa ya dakika zake, akubali kwamba adui mara nyingi atakuwa nukta, na mara nyingi hatakuwamo katika picha kabisa. Ataogopa kwamba watazamaji watachoka. Wengine watachoka. Lakini mwenye kukaa na picha tupu ya anga kwa sekunde 20, akijua kwamba katika utupu ule wamo watu wanaotaka kumwua aliye mbele yake, sidhani kwamba atakumbuka kupiga miayo.

Sauti nayo ina hila zake. Filamu zimetuzoesha kusikia ndege ya adui ikipita kwa mvumo kutoka sikio hili hadi lile. Rubani wa jeti, ndani ya kofia yake na chini ya kioo, husikia injini yake, pumzi zake na redio. Ndege ya adui kwake haina sauti mpaka kombora lake limguse. Ingefaa sana kwa filamu yetu kwamba sauti ya kwanza ya MiG iwe ile ya kombora la milimita 37 likiingia. Wala sidai kwamba ukweli wa sauti ni rahisi hata kwa mwenye picha za kweli. William Wyler alipotengeneza The Memphis Belle, filamu ya mwaka 1944 juu ya ndege ya Marekani ya kutupa mabomu Ulaya, picha zake za vita zilipigwa angani kweli, na Harold Tannenbaum, mmoja wa waliokuwa wakimrekodia, alikufa katika kazi hiyo. Lakini kamera zile ndogo zilikuwa bubu. Mazungumzo tuyasikiayo ya watu wa ndege ile yaliongezwa baadaye chumbani, kwa utulivu. Picha iliyogharimu uhai wa mtu imevikwa sauti isiyogharimu kitu. Sizitaji habari hizi kumlaumu Wyler, ambaye filamu yake naiheshimu. Nazitaja ili ionekane kwamba hata mwenye haki kubwa ya kusema "hii ni kweli" alifanya uchaguzi, na uchaguzi wahakikiwa.

Kuna jambo la ajabu katika historia ya manowari Oriskany yenyewe. Katika safari yake iliyofuata, kati ya mwaka 1953 na 1954, watu wa senema walipanda juu yake na kamera. Filamu mbili za mwaka 1954 zina picha zilizopigwa juu ya sitaha yake: Men of the Fighting Lady ya Andrew Marton, na The Bridges at Toko-Ri ya Mark Robson. Zote zinahusu marubani wa Panther katika Vita vya Korea. Zote zilitumia maandishi ya James Michener. Basi kamera zilisimama juu ya mbao zile zile ambazo Williams alitua, zikapiga picha za ndege za namna ile ile, kama mwaka mmoja hivi baada ya pambano lake, na pambano lenyewe halikuweza kutajwa. Si mara nyingi historia hutupa mfano ulio wazi hivi wa hadithi ya kubuni iliyokaa juu ya kiti cha hadithi ya kweli iliyofungwa mdomo.

Kati ya hizo mbili, The Bridges at Toko-Ri ndiyo iliyo bora, ingawa kilichotuzwa ndani yake ni ufundi wa picha za madaraja na mabomu. Nguvu yake kwangu iko mwishoni, pale rubani anapokuwa amekwisha kuanguka na ndege haina kazi tena. Anakufa shimoni katika shamba la mpunga, na bunduki mkononi, akiwa mbali na anga kama mkulima yeyote. Mwongozaji aliyekuwa na jeshi zima la wanamaji nyuma yake, na jeti za kutosha, aliiweka saa ya kifo ardhini, ndani ya tope. Wenye kutengeneza filamu za angani wangejifunza hapo zaidi kuliko katika milipuko.

Sasa nafika penye uzito zaidi, nao ni habari ya adui. Katika Top Gun ya mwaka 1986, adui anarusha ndege iitwayo MiG-28. Hapakuwa na ndege ya jina hilo. Zilizoonekana zilikuwa F-5 za Kimarekani zilizopakwa rangi nyeusi. Marubani wake wana vioo vyeusi usoni, hawana jina wala nchi. Filamu iliyoifuata mwaka 2022 ilifanya juhudi kubwa ya kuwapandisha waigizaji katika jeti za kweli ili nyuso zao zionekane zikibanwa na uzito wa mzunguko, na juhudi hiyo ina thamani yake. Hata hivyo adui alibaki bila uso na bila nchi. Katika hadithi ya kubuni twaweza kulivumilia jambo hili, kama tunavyolivumilia zimwi la ngano, ambalo hakuna aulizaye jina la mama yake.

Katika pambano la 1952 hatuna ruhusa hiyo. Ilipofika miaka ya 1990 na kumbukumbu za Kisovieti kuanza kufunguliwa, yalipatikana majina manne ya marubani ambao hawakurudi: Belyakov, Vandalov, Pakhomkin na Tarshinov. Tafakari namna ukweli ulivyojengeka. Kwa miaka mingi ushahidi wa Marekani ulikuwa sandukuni na midomo imefungwa. Kilichokuja kulitia nguvu neno la Williams ni majina ya wale aliowaua. Pasipo hao wanne, yeye ni mzee mmoja asimuliaye ushindi wake wa ujanani, na sote twajua jinsi ushindi wa ujanani unavyokua kwa kusimuliwa. Wao ndio mashahidi wake. Filamu itakayowaacha wawe vioo vyeusi itakuwa imewakana mashahidi wanaoisimamisha yenyewe.

Nao pia walifichwa. Kama Marekani haikutaka kusema kwamba walipigana na Warusi, serikali yao nayo haikuwa tayari kusema kwamba Warusi walikuwa wakipigana. Siri moja ilimnyima mtu wa upande mmoja nishani yake, na siri hiyo hiyo ikawafunika wafu wa upande wa pili. Hii ndiyo habari ya filamu, kama nionavyo mimi, na yule aonaye ndani yake ushindi wa nne kwa moja tu ameisoma nusu yake.

Mwanafunzi wa tenzi atasema hapa kwamba ninadai kwa senema yale ambayo hatuwadai washairi wetu. Ni kipingamizi kizuri. Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herkali, uliotungwa na Mwengo Pate mwaka 1728, husimulia vita vikubwa baina ya Waislamu na majeshi ya Rumi. Na wanahistoria hutuambia kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirudi bila ya pambano la namna hiyo. Mshairi aliona majeshi, mapanga na vumbi ambavyo hakuna jicho lililoviona, na sisi twamsifu. Twamsifu kwa haki. Lakini msikilizaji wa utenzi alijua ameketi mbele ya nani. Mizani na vina vilimwambia, kila ubeti, kwamba haya yamefumwa. Picha ya senema haina vina vya kuikiri kazi ya mfumaji. Huja mbele ya macho kama kitu kilichoonwa, na ikiandikwa juu yake maneno "habari ya kweli", yameongezwa yamini juu ya yamini. Yafaa pia kumkumbuka Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliyetunga juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, mambo ya mwaka 1307 wa Hijra na ya siku zake mwenyewe. Huyu aliandika akiwa upande wa walioshindwa, na kwa sababu hiyo twasoma kwake vita ambavyo maandishi ya washindi hayakuvijua. Sisi tuliolelewa na chuo cha namna hiyo tuna sababu ya kuuliza, mbele ya kila filamu ya ndege, ni nani aliye katika ndege nyingine.

Nimesema kwamba kazi hii imekuwa rahisi. Ziko leo programu za kompyuta za kuigiza urushaji wa ndege, ambazo ndani yake MiG-15 hupanda na kugeuka karibu sawa na ilivyokuwa, jua hung'aa juu ya kioo, na mawingu hutengenezwa kwa amri. Vijana wengi, katika nchi nyingi, huzitumia kutengeneza filamu fupi za mapambano ya kale, na baadhi yake zinaonyesha bidii ya utafiti inayopita ya studio kubwa. Mimi sizidharau. Lakini kamera ya kompyuta haina uzito wala gharama, yaweza kukaa nyuma ya mkia, chini ya bawa, hata juu ya risasi inayokwenda. Na kwa kuwa yaweza kukaa popote, hukaa kila mahali. Hughes alingoja wingu kwa miezi. Kijana wa leo halingoji hata dakika moja, na kungoja kule kulikuwa kunamfundisha Hughes kitu. Programu hujua uwezo wa injini na urefu wa bawa. Haijui shingo iliyochoka. Mtengenezaji asipoileta shingo hiyo mwenyewe, kwa kujinyima kamera 99 kati ya 100 alizopewa bure, filamu yake itakuwa onyesho la mashine mbili zisizo na watu, sahihi mno na baridi mno.

Wengine watauliza kama nauacha uhuru wa msanii mahali popote. Nauacha mwingi. Hatujui rubani alisema nini moyoni mwake, na msanii aweza kutunga au kunyamaza. Aweza kuchagua aanzie wapi. Mimi nisingeanzia angani. Ningeanzia sitahani baada ya ndege kutua, na mtu mmoja akihesabu matundu kwa sauti ya chini, bila ya sisi kuambiwa ni matundu ya nini. Aweza kuchagua kama dakika za mwisho zitakuwa za chumba ambamo Luteni aambiwa anyamaze, au za nyumbani, miaka mingi baadaye, mume na mke wakila chakula cha jioni na baina yao neno ambalo mke hajui kwamba halijasemwa. Hiyo ya pili ingekuwa ngumu zaidi kuigiza, na nzuri zaidi. Aweza hata kuwaacha Warusi wanne wasionekane nyuso, kwa kuwa Williams hakuziona. Wakati huo majina yao na yasomwe mwishoni kwa sauti ya binadamu, polepole, badala ya kupandishwa juu ya pazia pamoja na majina ya mafundi wa taa. Kusoma majina manne hakuzidi sekunde 16.

Kitu kimoja hataweza kukipata kwa fedha yoyote, nacho ni manowari. Oriskany ilizamishwa kwa makusudi tarehe 17 Mei 2006 katika maji ya Florida ili iwe makao ya samaki, na sitaha yake sasa hutembelewa na wapiga mbizi. Mwenye kuitaka kwa filamu yake ataijenga kwa mbao au kwa kompyuta. Ubavu wa Panther ni kazi ndogo zaidi: bati, rangi ya buluu iliyoiva, na mtu mwenye subira wa kutoboa matundu 263.